Kivuko Kilichozamishwa kwa Ajili ya Samaki

Nyumbani kwa Fundi Cheche mlango haukuwa unagongwa. Ukifika ulisimama hatua mbili nje ya kizingiti, ukaita hodi kwa sauti, ukangoja. Ukijisahau ukagonga, hata kwa kidole kimoja, mkewe alitoka mbio kukuomba radhi kana kwamba kosa ni lake, na nyuma yake ungemwona Fundi amesimama katikati ya sebule, mikono imemlegea, anautazama mlango kama mtu aliyeitwa na asiyemjua. Mtaani tulisema ni adabu za kizamani. Mimi mwenyewe nilimsifia kwa hilo miaka na miaka.

Nina kibanda mwanzo wa ukuta wa bahari. Nauza ndoana, mishipi, chubwi za kuizamisha na chambo kilichogandishwa. Wateja wangu si wavuvi wa riziki. Hao wana boti zao na maneno yao. Wangu ni makarani, wauguzi, madereva wa malori, wastaafu, watu wanaokuja Jumamosi kukaa ukutani na fimbo mkononi ili wasikae nyumbani. Habari hii sehemu niliiona kwa macho, sehemu aliniambia Fundi, na sehemu aliniambia Mwalimu.

Mwalimu ndiye aliyeanza kuja. Alikuwa akifundisha hesabu shule ya sekondari, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku ya mapumziko. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi na tisa. Asubuhi moja binti huyo alipanda kivuko kwenda ng'ambo kuanza chuo cha uuguzi. Kivuko kikashika moto kwenye injini kikiwa katikati ya maji. Watu wa juu waliokolewa, wengine wakaruka wakaokotwa. Watu tisa waliokuwa chumba cha abiria cha chini hawakutoka. Moshi uliziba ngazi, na mlango wa dharura haukufunguka. Ripoti ya uchunguzi iliandika kwamba mlango ulikwama kwa sababu ya joto la moto. Binti wa Mwalimu alikuwa mmoja wa wale tisa.

Kivuko hakikuzama. Kilivutwa mpaka gati la zamani la matengenezo, kikafungwa kamba, kikaachwa. Miaka ishirini na miwili kilikaa pale kikiota kutu, na kutoka kibandani kwangu nilikuwa nakiona ubavu wake kila nikiinua macho.

Miezi michache baada ya mazishi, Mwalimu alikuja kununua mshipi wake wa kwanza. Hakujua hata kufunga ndoana. Nilimfungia. Akaniambia, "Nyumbani saa haziendi." Nikamwongezea chubwi mbili za bure.

Jumamosi iliyofuata, Fundi Cheche alikuja akakaa karibu naye. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma katika karakana ya bandari, mrefu, mikono imejaa madoa ya moto mpaka kwenye viwiko, na jina lake la utani lilitokana na hayo. Hakuwa mvuvi. Alinunua mshipi ule ule kama wa Mwalimu, akatupa majini bila chambo, akakaa. Wiki iliyofuata akaja tena. Ikawa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka nywele za wote wawili zikawa nyeupe. Waliongea juu ya mpira, magoti, bei ya sukari, wakwe. Kivuko hawakukitaja hata siku moja, ingawa kilikuwa pale mbele yao. Nilidhani Fundi anamstahi mwenzake. Nilikuwa nawaambia wateja, rafiki wa kweli ni yule.

Sasa, samaki. Nilipofungua kibanda, mtu aliondoka pale ukutani na changu wa kutosha nyumba yake na ya jirani. Miaka kumi baadaye alirudi nyumbani na wawili watatu. Miaka ishirini baadaye akawa anarudi na hadithi. Nyavu za kukokota zilikuwa zimepita chini zikikomba kila kitu, baruti zimevunja miamba, na sisi wenyewe tulikuwa tunabeba hata vidagaa vya urefu wa kidole, tusiseme ni wengine tu. Mstaafu mmoja wa posta alikuwa na usemi wake: "Mimi siji kuvua, nakuja kuosha chambo."

Ndipo serikali ikakumbuka kwamba hata sisi tupo. Idara ya Uvuvi ilileta afisa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzamiaji, mwenye alama ya miwani ya maji usoni kama mtu aliyelalia kikombe. Tulimwita Afisa tu. Alikuwa na mpango wa kurudisha samaki wa pwani kwa wavuvi wa mapumziko, na mpango wenyewe ulianza kwa kutunyang'anya. Miezi mitatu kila mwaka hakuna kuvua. Samaki watano kwa mtu kwa siku. Changu asiyefika urefu uliowekwa arudishwe majini akiwa hai. Mimi nililalamika kuliko wote. Kumfungia muuza ndoana miezi mitatu ni sawa na kumnyima muuza miavuli mvua. Aliniangalia akacheka, akasema, "Mzee, ukiuza ndoana mahali pasipo na samaki, unauza misumari iliyopinda."

Baadaye akatuita mkutano katika ukumbi wa shule ya msingi. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Akachora ubaoni kwa chaki. Alisema samaki ni kama mpangaji, hahamii mahali pasipo na nyumba, na miamba yetu tuliivunja. Idara ingeshusha matofali makubwa ya zege yenye matundu. "Na katikati," alisema, "tunataka kuzamisha kitu kikubwa cha chuma. Mwaka wa kwanza kinaota majani na chaza. Wa pili wanakuja wadogo kujificha. Wa tatu wanakuja wakubwa kuwatafuta wadogo."

Karani mmoja akauliza, "Kitu gani cha chuma?"

Afisa akaweka chaki chini. "Kile kivuko cha zamani."

Watu waligeukiana madawatini. Kisha dereva wa lori, mtu wa sauti nene, akasimama. "Afisa, samahani. Pale walikufa watu. Unatuambia tukavue kaburini?"

Watu wakaanza kupiga kelele, wengine naam, wengine la. Mwalimu alikuwa kakaa dawati la mbele. Aliinua mkono kama mwanafunzi, akangoja mpaka watu wote wakaona aibu wakanyamaza.

"Mwanangu hakuzikwa mle," alisema. "Nilimzika mwenyewe, najua alipo. Kile kivuko kimekaa gatini miaka ishirini na miwili kinanitazama. Kama kinaweza kuwa na kazi, kipewe kazi. Kishushwe."

Alikaa. Nilimtafuta Fundi Cheche kwa macho, nikaona nafasi yake ipo wazi. Alikuwa ametoka nje.

Kuzamisha meli si kutoboa tu ikazama. Lazima isafishwe mafuta, nyaya na rangi mbaya, ikatwe matundu ya kuingiza maji sawasawa isije ikapinduka, na kila mlango utolewe ili mzamiaji asije akanaswa ndani. Idara ilihitaji mchomeleaji anayekijua kivuko kile. Bandari ikataja jina moja. Fundi alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu.

Angeweza kusema mgongo unamuuma. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Nilifikiri, akienda mwingine atauona. Nikienda mimi labda nitawahi kuukata kabla ya mtu kuuona. Halafu nikafika, nikaanza kazi upande mwingine kabisa, siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Miguu haikutaka."

Walikuwa watatu: yeye ndani, na mafundi wawili watu wazima kule mbele wakikata kwa gesi. Chumba cha chini kilikuwa kitupu. Viti viling'olewa zamani na wanunuzi wa vyuma chakavu, na masizi yalikuwa yamekauka kwenye dari kama ngozi ya sufuria. Aliniambia kwamba siku moja saa sita mchana, jua likiwa limekaa juu ya sitaha, alisikia mtu akigonga. Ngo, ngo, ngo. Akapanda ngazi akawauliza wale wawili nani anagonga.

"Nani agonge, Fundi?" mmoja akamjibu. "Sisi tunakata."

Akashuka. Ikagonga tena. Alijua sababu yake. Yeye mwenyewe amewafundisha vijana wa karakana kwamba chuma kikipata jua hutanuka na kulia. Hata hivyo alipanda mara tatu siku ile, na mara ya tatu wale mafundi walitazamana.

Siku ya sita Afisa alikuja na chaki nyeupe kuweka alama mahali pa kukata. Alipofika kwenye mlango wa dharura wa chumba cha chini alisimama, akainama, akapitisha kidole ukingoni.

"Fundi, hebu njoo uone. Huu mlango haukukwama."

Fundi alikuja pole pole.

"Joto linapinda chuma," Afisa alisema. "Haliunganishi. Hapa kuna mtu alipita na mashine ya kuchomelea, juu mpaka chini, kisha rangi ikapakwa juu yake. Rangi imebanduka ndiyo maana mshono unaonekana. Wewe ndiye fundi, unasemaje?"

Mchomeleaji huujua mshono wake kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Fundi alikuwa na desturi ya kurudi nyuma kidogo kila anapomaliza, ili mwisho wa mshono usipasuke, na hapo panabaki kijipindo kama mkia wa mbuzi. Mikia hiyo ilikuwa pale, minne.

"Ni mshono mzuri," akasema. Aliniambia kwamba maneno yalimtoka hivyo, na alitamani kujing'ata ulimi.

"Wa nani?"

"Wa zamani."

Afisa alimtazama kwa muda. Hakuwa mjinga. Alitoa simu akapiga picha, moja, mbili, akaandika daftarini. Akasema kwa upole, "Ukate, lakini usiuguse mshono. Pita pembeni, nauhitaji. Jumatatu napeleka taarifa." Halafu akaongeza, "Leo ni Ijumaa, Fundi." Akapanda ngazi akaondoka.

Mambo yalikuwa hivi. Mpira wa kuzibia mlango ule ulikuwa umechakaa, maji yalikuwa yanaingia kila kivuko kikilala upande. Mpira mpya uliagizwa, haukufika. Ukaguzi ulikuwa umekaribia. Mkuu wa karakana, ambaye sasa ni marehemu, alimwita Fundi Alhamisi mchana akamwambia, "Uchomelee huo mlango. Ya muda tu. Mpira ukija tutaukata." Fundi alisema ule ni mlango wa dharura. Mkuu akamwambia, "Mwaka wa ngapi huu hapajatokea dharura?" Wakacheka wote wawili. Hilo la kucheka ndilo aliloshindwa kulisema kwa miaka yote, hata baadaye, mbele ya wazee wa uchunguzi wa pili, alilisema akiwa amefunika uso. Akauchomelea kwa robo saa, akapaka rangi, akaenda kula. Mpira haukuja. Siku ya kumi na moja kivuko kikashika moto.

Baada ya mazishi mkuu alimwita tena. "Imeandikwa joto," alimwambia. "Wewe una watoto." Ikaishia hapo. Au ilionekana imeishia hapo.

Ijumaa ile alikata. Alipita pembeni kama alivyoambiwa, na mlango ukaangukia ndani kwa kishindo kilichowafanya wale mafundi wa mbele waje mbio. Wakaugeuza. Kishindo kilikuwa kimepukutisha masizi ya upande wa ndani, nao sasa ulikuwa juu, ukiwatazama. Palikuwa na mabonyeo ya duara, mengi, moja juu ya jingine, usawa wa kifua cha mtu mzima. Ni kitako cha mtungi wa kuzimia moto. Mtu alikuwa ameushika mtungi kwa mikono miwili akawa anapiga, na akichoka alipokewa na mwingine, kwa sababu mabonyeo mengine yalikuwa chini zaidi, ya mtu mfupi.

Fundi alivua glovu, akaweka kiganja chake juu ya moja la yale mabonyeo. Chuma kilikuwa bado cha moto kutokana na kukatwa. Hakuondoa mkono. Wale wenzake ndio waliomwondoa.

Jumamosi ilikuwa ndani ya ile miezi ya kufunga, hakuna kuvua. Lakini Mwalimu na Fundi walikuwa wanakuja vile vile, wanakaa bila fimbo. Niliwaona kutoka kibandani. Fundi alikuwa na bandeji mkononi. Aliongea kidogo tu, akiangalia maji. Nikaona Mwalimu amegeuka kumtazama. Sikusikia kitu, haya niliyapata baadaye kwao.

Mwalimu hakupiga kelele. Aliuliza, "Siku gani?"

"Alhamisi."

"Saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Saa nane na nusu."

"Ulitumia muda gani?"

"Robo saa."

"Na siku ya kwanza kuja kukaa hapa karibu yangu ilikuwa lini?"

Fundi akamtajia. Mwalimu akawa kama mtu anayepiga hesabu kichwani, kutoa hii, kujumlisha ile. Kisha akauliza swali la mwisho. "Ulikuja kunivulia nini?"

"Nilikuwa nataka kukwambia. Kila Jumamosi nilikuja kukwambia."

"Jumamosi elfu moja na kitu," Mwalimu alisema. Akachukua kofia yake, akainuka, akapita mbele ya kibanda changu bila salamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Jumatatu Afisa alipofika ofisini kupeleka taarifa yake, alimkuta Fundi amekaa kwenye benchi la nje amevaa koti la harusi, lile moja alilonalo. Walikwenda pamoja.

Mkewe alijua siku ile ile, kwa sababu Fundi alirudi nyumbani na karatasi ya kuitwa. Mkewe ni mshonaji. Alisoma karatasi hiyo mara mbili, akaikunja. "Baba watoto," akamwambia, "mimi nilimshonea mama wa yule binti nguo za msiba. Nilikaa pale mashineni nikilia. Na wewe ulikuwa umesimama unaninyooshea kitambaa." Asubuhi alifunga mizigo akaenda kwa binti yao mkubwa. Na tangu siku hiyo nikafahamu kwa nini nyumbani kwake ni hodi kwa sauti, si kugonga. Mkewe alikuwa ameifuata sheria ile bila kuambiwa sababu, akiamini anamtunza mtu mwenye maradhi ya moyo.

Alirudi baada ya wiki saba. Sikuuliza kwa nini. Alisema mwenyewe akinunua barafu kwangu: "Nilikwenda kukasirika. Kukasirika kumenichosha, yeye bado ni mume wangu."

Uchunguzi ulifunguliwa upya. Wazee watatu walikaa siku nane, na mlango ukaletwa ndani ya ukumbi ukaegemezwa ukutani, upande wa ndani ukiwaelekea watu. Mwalimu alipoulizwa kama ana la kusema, aliomba kitu kimoja: majina ya wale tisa yasomwe pamoja na umri wao, pole pole. Yakasomwa. Ripoti mpya ikaandika neno lililotakiwa kuandikwa tangu mwanzo: ulichomelewa. Bandari ikaomba radhi kwa barua. Fundi alipewa kifungo cha nje cha miaka miwili, na kazi ya kutumikia jamii siku za mwisho wa wiki, mahali ambapo mahakama ingeona inafaa.

Kivuko kilishushwa siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, bahari imetulia kama mafuta kwenye sahani. Watu walijaa ukutani. Fundi hakualikwa, alikaa ndani ya kibanda changu, nyuma ya mishipi inayoning'inia. Maji yalipoanza kuingia, hewa ilitoka kwenye yale matundu aliyoyakata, ikatoa sauti ndefu ya kuguna, na watu waliokuwa wanapiga makofi wakaacha. Kilichukua dakika ishirini na tatu. Baada ya hapo palibaki povu, halafu hata povu likaondoka. Fundi alikuwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

Nikamwambia, "Sasa angalau kifua kitakuwa chepesi."

"Wanasema hivyo," akajibu. "Asubuhi hii nilipokuwa naoga niliisikia ile ngo, ngo kwenye bomba."

Mwaka wa kwanza hatukupata kitu, na wale wa kulalamika tulilalamika. Mwaka wa pili Afisa alizamia akatuletea picha. Chuma kimevaa majani. Chumba cha chini kimejaa tasi na changu wadogo, wanaingia na kutoka pale pasipokuwa na mlango, wengi kama mvua. Watu walipokezana picha zile. Mwaka wa tatu dereva wa lori, yule yule wa kusema kaburini, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukodi boti kwenda juu ya kivuko, akarudi na kolekole wa kumfanya apige picha mbele, nyuma na ubavuni. Nilimkumbusha maneno yake. Akasema, "Mzee, nimewaombea kwanza wale tisa." Wapo wengine mpaka leo hawali samaki wa pale. Mmoja wao ni mimi, ingawa ndoana nawauzia.

Serikali ilijenga gati dogo la mbao kwa ajili ya wavuvi wa mapumziko, lenye vizuizi vya watoto na mahali pa viti vya magurudumu. Mwisho wake pana meza ya kupimia. Kila samaki anapimwa, urefu unaandikwa kwenye kadi, na wale wa kurudishwa hupachikwa kijialama cha manjano chenye namba karibu na pezi, ili akivuliwa tena ijulikane amekua kiasi gani. Afisa alihitaji mtu mwenye mkono usiotetemeka. Akaiandikia mahakama. Ndivyo Fundi Cheche alivyopewa meza ile.

Watu walisita mwanzoni. Wengine walipeleka samaki mezani bila kumtazama usoni. Mwanamke mmoja, ambaye kaka yake alikuwa kati ya wale tisa, alifika na samaki, akamwona, akamrudisha samaki majini bila kumpima, akaondoka asirudi tena. Fundi aliandika kwenye kadi: mmoja, hakupimwa. Miaka yake miwili ilipokwisha, aliendelea kwenda. Hakuna aliyemwambia aache.

Mwalimu alikaa muda mrefu bila kuja. Nilisikia anatembea asubuhi kwenye uwanja wa shule, akiuzunguka. Kisha Jumamosi moja alitokea kibandani, shati limepigwa pasi, akanunua mshipi na ndoana. Sasa alijua kufunga mwenyewe. Akaenda gatini akavua peke yake mpaka adhuhuri. Alimpata chewa, mkubwa kwa macho, akambeba ndani ya ndoo mpaka mezani. Mimi nilikuwa pale, nimepeleka chambo.

Fundi alimtoa samaki, akamlaza kwenye rula. "Sentimita thelathini na nane," akasema.

"Anatakiwa ngapi?"

"Arobaini."

"Basi weka alama."

Fundi akampachika kijialama, akamsomea namba, Mwalimu akaiandika kwenye kadi kwa mwandiko wake wa ubaoni. Wakapeleka samaki ukingoni pamoja, kwa sababu ndoo ilikuwa nzito na Mwalimu ni mzee. Alipokwisha kuondoka yule samaki, Mwalimu alibaki akiangalia maji.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Nimeona nikwambie, usije ukadhani."

"Sikudhani, Mwalimu."

Mwalimu akachukua ndoo yake. Amekuwa akija tangu hapo, si kila Jumamosi, anavua upande wa kushoto wa gati, na akipata samaki anampeleka mezani kama watu wote. Siku ile ya chewa, nyuma yake palikuwa na karani mmoja ameshika changu anayepiga mkia, anasema jamani mimi huyu atanifia. Fundi akapangusa rula kwa kitambaa, akanyoosha mikono kumpokea.